Tufani ya Unguja na Upepo wa Pili

Somo: Nehemia 5:1–13

 

Leo nataka tukumbuke pamoja jambo lililotokea zamani, katika kisiwa. Najua wako watakaoniuliza, “Mchungaji, sisi tuko Diff, Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia. Bahari tunaisikia tu kwa masimulizi. Tunachokijua ni vumbi, jua, na foleni ya mitungi penye maji. Habari za tufani ya kisiwani zinatuhusu nini?” Ni swali la haki. Nivumilie kidogo, na kabla sijamaliza utaona mwenyewe kwamba habari hizi zinafika mpaka mlangoni pako.

Sisi nasi tumepitia tufani yetu, ingawa haikuwa ya bahari. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Katika Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Nani kati yetu hakuiona mizoga kando ya barabara? Nani hakumwona mzee aliyekuwa na ngamia wengi akishika fimbo isiyo na mnyama wa kuchunga? Kisha, mwishoni mwa 2023, ile mvua tuliyoiomba ikaja kwa kishindo. Ikakata barabara za Garissa, Wajir na Mandera, ikavunja nyumba, ikafagia hata mbuzi waliosalia. Tangu hapo tunasikia neno moja katika kila mkutano: kujenga upya, kuanza upya, kurudisha kilichopotea. Ni neno jema. Lakini linahitaji kuulizwa swali moja, na swali hilo ndilo nililolikuta katika habari za kisiwa cha Unguja.

Jumatatu, tarehe 15 Aprili, mwaka 1872, kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa cha Unguja. Watu hawakukitazamia. Tangu zamani mabaharia walijua kwamba vimbunga vya Bahari ya Hindi huzaliwa mbali kusini, huko pande za Madagaska na Morisi, na kwamba mahali palipo karibu na ikweta huwa salama. Na kwa kawaida ndivyo ilivyo, kwa maana dhoruba ya namna hii hupata nguvu zake kwa kuzunguka kama pia, nako karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauipi msukumo wa kutosha. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Kwa hiyo nyumba zilijengwa, mashamba yakapandwa, na majahazi yakatia nanga bila hofu ya jambo kama hilo. Lakini jambo lililo adimu si jambo lisilowezekana. Kimbunga kingine kiliipiga Lindi mwezi wa Aprili 1952, miaka 80 baadaye, na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia.

Ili tuelewe hasara ya siku ile, yatupasa kujua kisiwa kilikuwa kikiishi kwa nini. Kiliishi kwa karafuu. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, ndiye aliyeukuza ukulima huo. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mkarafuu si mahindi, ndugu yangu. Ukiupanda leo utangoja miaka 6 au 7 kabla ya kuchuma chochote cha maana, na utangoja zaidi kabla haujafikia nguvu zake. Shamba la mikarafuu lilikuwa kama akiba ya baba kwa mwanawe, na kwa mwana wa mwanawe.

Tufani ile iliing'oa akiba hiyo kwa siku moja. Sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya Unguja ilianguka, na minazi pamoja nayo. Mapaa ya nyumba yaliezuliwa. Bandarini, majahazi yalitupwa pwani yakavunjika, na merikebu za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa ametawala kwa muda usiotimia miaka miwili, ziliangamia. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 iliharibiwa, na vibanda vya watumwa waliokombolewa vikapeperushwa. Misheni yetu ya Kianglikana iliyokuwa Unguja, ile ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, nayo haikusalimika. Askofu Tozer, aliyeiongoza, alikuwa mgonjwa, na mwaka uliofuata alijiuzulu.

Mtu anapoona maangamizi kama haya, neno la kwanza linalomjia kinywani ni hili: “Mungu amewaadhibu.” Wakati ule pia hapakukosa sababu ya kusema hivyo. Unguja ilikuwa soko la watu. Mikarafuu ile ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Je, si wazi kwamba Mungu aliuvunja uovu ule kwa upepo?

Ningependa tuwe waangalifu hapa. Pemba, kisiwa jirani, nacho kilikuwa na mikarafuu na watumwa, lakini tufani haikukigusa sana. Na vibanda vya Bagamoyo vilivyopeperushwa vilikuwa vya nani? Vilikuwa vya wale wale waliokombolewa kutoka utumwani. Kama upepo ule ulikuwa fimbo ya hukumu, basi iliwapiga walioonewa ikawaacha baadhi ya waonevu. Bwana Yesu mwenyewe alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kusema kwamba hao walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Aliwageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaambia watubu wao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ukame wetu ulikuwa adhabu kwa kabila hili au dini ile, usimkubalie. Hakuelezwa hayo na Mungu.

Basi, kama upepo hautuambii nani ni mwovu, je, hakuna cha kujifunza? Kipo, tena kikubwa. Mabaharia husema kwamba katikati ya kimbunga pana mahali penye utulivu, panapoitwa jicho. Jicho likipita juu yako, upepo hukoma, mbingu hung'aa kidogo, na mtu asiyejua hutoka nje, akimshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Kisha upepo wa pili huja, kutoka upande mwingine kabisa, na mara nyingi huo ndio huangusha ukuta uliokwisha kulegezwa na ule wa kwanza. Nauona mfano huo katika historia ya Unguja. Upepo wa kwanza ulitoka baharini. Upepo wa pili ulitoka katika mioyo ya watu, nao ulianza kuvuma siku ile walipoanza kujenga upya.

Hebu tuangalie walijengaje.

Kwanza, hatuna budi kuwasifu kwa bidii yao. Mji haukuachwa kuwa gofu. Sultani Barghash aliagiza merikebu mpya badala ya zile zilizozama. Mojawapo, iliyoitwa Glasgow, iliundwa huko Uskoti na kufika Unguja mwaka 1878. Aliwaletea watu wa mjini maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji, jambo ambalo sisi wa Diff tunajua thamani yake kuliko watu wengi. Mwaka 1883 alisimamisha Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililowashangaza wageni. Mtu aliyeiona Unguja ya mwaka 1872, akarudi baada ya miaka 11, angesema kwamba kisiwa kimefufuka.

Mikarafuu nayo ilipandwa tena. Kwa kuwa karafuu zilikuwa zimepungua, bei yake ilipanda sana, na kila aliyekuwa na ardhi alitaka kupanda. Pemba, ambayo tufani iliiruka, ndiyo iliyonufaika zaidi. Wenye mali walikimbilia huko, wakafyeka misitu, wakapanda vilima kwa vilima. Kabla ya tufani, Unguja ilikuwa imetangulia kwa karafuu. Baada yake Pemba ilichukua nafasi hiyo, nayo haijaiachia hata leo. Vitabu vingi vya historia husimulia jambo hili kama habari ya mafanikio: hasara ya mmoja ilikuwa faida ya mwingine, na visiwa vikaendelea.

Lakini ni mikono ya nani iliyofyeka misitu ile? Ni migongo ya nani iliyobeba miche ile? Shamba likiangushwa na tufani, mwenye shamba amepoteza mali. Ili airudishe anahitaji fedha, na fedha alikopa kwa wafanyabiashara kwa kuweka ardhi yake rehani. Ili alipe deni alihitaji mavuno ya haraka. Ili apate mavuno alihitaji watu wa kufanya kazi bila mshahara. Hivyo deni la tajiri lilishuka ngazi kwa ngazi mpaka likamfikia mtoto mmoja kule Ziwa Nyasa, asiyejua karafuu ni nini, naye akafungwa kamba shingoni ili alilipe.

Mwanzoni mwa mwaka 1873 alifika Bwana Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, kumtaka Sultani akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alijitetea kwa kuitaja tufani. Alisema kisiwa kimekwisha kuvunjika, watu wake wameharibikiwa, na sasa wakinyimwa watumwa wataangamia kabisa. Tusimcheke. Ni maneno ambayo kila mmoja wetu amepata kuyasema kwa namna yake: “Nimepata hasara. Wakati huu si wa kunidai haki.” Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba, kwa kutishiwa na manowari za Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha. Mkataba ulizuia kuwasafirisha watumwa kwa bahari, basi wafanyabiashara wakawapitisha kwa miguu kando ya pwani, kutoka Kilwa kwenda Pangani, kisha usiku wakawavusha kwenda Pemba, maana huko ndiko karafuu zilikokuwa zikipandwa. Wengine waliendelea kupelekwa kaskazini, hata Brava na Merka katika nchi ya Wasomali. Mwaka 1876 Sultani Barghash alikataza misafara hiyo ya nchi kavu, lakini magendo yaliendelea. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulizuia jahazi lililobeba watumwa. Sheria ya kuondoa utumwa katika Unguja na Pemba haikutolewa mpaka tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba uhuru wake mbele ya hakimu. Ilikuwa imepita miaka 25, kasoro siku 9, tangu siku ya tufani. Upepo wa kwanza ulivuma siku moja. Upepo wa pili ulivuma miaka 25.

Nimetaja Brava na Merka. Hapa ndipo habari za kisiwa zinapoingia nyumbani kwetu. Wengi wa watu waliopelekwa kaskazini kwa njia hizo, katika miaka ile na katika miaka iliyotangulia, walitoroka wakajificha katika misitu ya mto Juba, wakalima na kuanzisha vijiji vyao. Baadhi ya wajukuu wao wanasema Kizigua hata leo, lugha ya babu zao wa Tanzania. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, wengi wao walivuka mpaka wakaja Dadaab, katika nchi yetu hii ya Garissa, si mbali sana na hapa. Labda umepata kuketi na mmoja wao katika lori. Mambo yaliyofanywa katika siku zile za karafuu yametembea zaidi ya miaka 100, yakafika mahali tunapochota maji.

Sasa tufungue Kitabu cha Nehemia. Wengi wetu tunakipenda kitabu hiki kwa sababu ya ukuta. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akaomba, akaenda, akajenga. Tumehubiri habari hii katika harambee nyingi. Mlango wa 3 unataja wajenzi mmoja mmoja: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, hata mtu mmoja aliyejenga pamoja na binti zake. Mlango wa 6 unatuambia kwamba ukuta ulimalizika kwa siku 52. Lakini katikati yake upo mlango wa 5, na mlango huu hatuuhubiri sana siku za harambee.

Katika mlango wa 5 kazi inaendelea vizuri, ukuta unapanda, maadui wameshindwa. Mara kilio kinasikika, wala hakitoki nje ya mji. Ni kilio cha wajenzi wenyewe na wake zao, wakiwalalamikia ndugu zao. Wanasema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme. Na sasa watoto wao wanatolewa kuwa watumwa, tena baadhi ya binti zao wamekwisha kuchukuliwa, wala hawana uwezo wa kuwakomboa, kwa kuwa mashamba yao yako mikononi mwa wengine. Wanauliza kama mwili wao si sawa na mwili wa ndugu zao.

Ona jinsi inavyofanana na Unguja: njaa au tufani, kisha deni, kisha rehani, kisha mtoto wa mtu. Njia ni ile ile.

Ona pia alivyofanya Nehemia. Hakusema, “Nyamazeni, tumalize ukuta kwanza.” Kiongozi wa siku zetu angesema hivyo. Angesema mradi usicheleweshwe, wafadhili wanangoja, maneno haya tutayazungumza baadaye. Nehemia alikasirika, akafikiri moyoni mwake, akawaita wakuu mbele ya kusanyiko lote. Tena alikiri jambo ambalo mara nyingi tunalipita tunaposoma: kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake na watumishi wake, walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Alijihesabu pamoja nao. Kisha akawataka warudishe siku ile ile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na riba waliyotoza. Nao wakakubali. Akakung'uta vazi lake, akaomba Mungu amkung'ute vivyo hivyo kila mtu asiyetimiza ahadi. Kusanyiko lote likaitikia Amina.

Nehemia alielewa kwamba ukuta uliojengwa kwa kuwauza binti za wajenzi si ukuta wa Bwana, hata ukiwa mrefu namna gani.

Kulikuwa na jengo jingine Unguja baada ya tufani. Soko la watumwa lilipofungwa, mahali pake pale Mkunazini palitolewa kwa kanisa. Sehemu ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi kwa miaka mingi, huku akiendelea na kazi yake ya kutafsiri Maandiko katika Kiswahili. Madhabahu iliwekwa mahali ambapo, kama isimuliwavyo, mti wa kuwachapia watumwa ulisimama. Sultani Barghash mwenyewe, Mwislamu, alitoa saa ya kuwekwa mnarani. Husimuliwa pia kwamba Askofu aliposafiri, mafundi waliziweka nguzo kadhaa za mlangoni juu chini, naye aliporudi akaziacha. Ziko vile vile hata leo. Napenda nguzo zile. Zinamwambia kila aingiaye kwamba nyumba ya Mungu ilijengwa na wanafunzi, wala Mungu hakuikataa.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Upepo wa pili huingia hata kanisani. Huku kwetu Kenya, kanisa letu la Kianglikana lilikua sana kutokana na Freretown karibu na Mombasa, mji wa watumwa waliokombolewa, ulioanzishwa miaka michache baada ya tufani na kupewa jina la yule Bwana Frere. Wengi wenu mmeiona kengele yake pale Kengeleni. Watu wa namna hiyo ndio waliotupa makasisi wetu wa kwanza Waafrika, William Jones na Ishmael Semler, waliopewa daraja la ushemasi mwaka 1885. Lakini katika Freretown hiyo hiyo, mwaka 1881, yalizuka malalamiko ya viboko vya kikatili vilivyotolewa na msimamizi wa misheni kwa watu wale wale waliokuja kutafuta uhuru. Walitoka chini ya kiboko kimoja wakakuta kingine. Kila anayejenga, hata ajengaye kwa jina la Yesu, hana budi kusimama mara kwa mara na kusikiliza kama pana kilio ndani ya ukuta.

Sasa turudi hapa kwetu. Ukame umepita, mafuriko yamepita, na sisi tunajenga. Wewe unajengaje?

Jamaa fulani amepoteza mbuzi wote. Analetewa shauri: binti yake wa darasa la 6 aposwe, mahari iwe mwanzo wa kundi jipya. Shauri hilo linaonekana la busara, nalo jamaa atasema ameanza upya. Lakini aliyelipa ni nani? Ni yule msichana, aliyetolewa shuleni ili deni la ukame lilipwe kwa mwili wake. Tajiri mwingine amemchukua mtoto wa jirani maskini achunge ngamia wake. Anampa chakula na shuka, akisema amemsaidia. Mwaka unapita, mtoto hajui kusoma, wala mshahara hajauona. Mwenye duka amewakopesha watu unga wakati wa njaa, na hilo lilikuwa tendo jema. Lakini daftari lake sasa limegeuka kuwa kamba, na bei aliyoiandika si ile aliyoitaja. Chakula cha msaada kinapokuja, aliye karibu na mwandika majina huandikwa mara mbili, na mjane aishiye mbali huambiwa orodha imejaa. Msifikiri nasema habari za majirani zetu Waislamu peke yao. Nasema na Wakristo pia: mwalimu, askari, muuguzi, aliye na msichana wa kazi jikoni asiyejua mwisho wa mwezi ni nini.

Na mimi nisijifanye mtakatifu. Mwaka mmoja, katika parokia niliyoitumikia, upepo uliezua mabati ya kanisa. Tulifanya harambee, watu wakatoa kwa moyo, na baada ya majuma machache paa likawa jipya. Tukaimba sana siku ile. Baada ya ibada mlinzi wetu, mzee mmoja mpole, alinifuata taratibu akaniuliza, “Mchungaji, na ile miezi yangu mitatu?” Tulikuwa tumeutumia mshahara wake kununulia misumari na mbao. Hakuna aliyemwibia kwa makusudi. Tulisema tutamlipa baadaye. Yeye alikuwa amelala nje, chini ya lile paa lisilokuwapo, akitulindia mbao zilizonunuliwa kwa fedha zake. Tulimlipa, lakini kwa aibu. Tangu siku hiyo nikisoma Nehemia mlango wa 5, sauti yake ndiyo ninayoisikia.

Basi, ndugu msikilizaji, nakuachia jambo moja la kufanya kabla ya Jumapili. Usingoje mkutano mkubwa wala mradi wa serikali. Keti nyumbani kwako, hesabu vitu ulivyorudisha tangu ukame: mbuzi, mabati, duka, karo. Kisha kwa kila kimoja jiulize, nani alikilipia? Ukimkuta mtu aliyelipa bila kupewa haki yake, mrudishie siku hiyo hiyo, kama wakuu wa Yerusalemu walivyofanya. Kama ni binti, arudi shuleni. Kama ni mchunga ngamia, apewe mshahara wake mkononi. Kama ni deni lililozidishwa, lifutwe katika daftari mbele ya macho ya mdaiwa. Kuirudisha haki hiyo nako ni kazi ya ujenzi.

Beit al-Ajaib, lile jumba la fahari la Unguja, lilibomoka sehemu yake siku ya Krismasi mwaka 2020, baada ya kusimama miaka zaidi ya 130. Kila tunachokijenga kwa mawe kitafika siku yake. Lakini haki uliyomtendea mtu mdogo, ambaye hakuwa na wa kumtetea, hiyo Bwana ameiandika, wala hakuna upepo utakaoifuta.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyeumba nchi kavu na bahari, tunakushukuru kwa kutuvusha katika ukame na katika maji. Wakumbuke wote waliopoteza mali zao na wapenzi wao. Wape nguvu wanaoanza tena. Utusamehe pale tulipojenga kwa mikono ya wengine bila kuwapa haki yao, nyumbani mwetu na hata kanisani mwako. Tufungue masikio tukisikie kilio kilicho ndani ya ukuta wetu, na tupe moyo wa kurudisha. Tujalie sisi na jirani zetu wa Diff, Wakristo na Waislamu, tuishi kwa amani na kusaidiana kubeba mawe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyejifanya mtumwa ili sisi tuwe huru. Amina.